UZI: Blauzi ya pateni ya karatasi, makosa yake yanakotoka na namna ya kuyasoma kabla hujakata kitenge

#1 FundiWaUjiji (Kigoma)

Habari za jioni ndugu zangu wa cherehani.

Kuna jambo linaniuma na nataka tulizungumze kwa urefu. Hapa Kigoma vitenge havijawahi kutuishia. Vinavuka ziwa kutoka Kongo, vingine vinapitia Burundi. Ukishuka Kibirizi au ukizunguka soko la Mwanga unakuta rangi ambazo ndugu zetu wa Dar wanatuomba tuwatumie. Sasa siku hizi binti mwenye simu anapakua pateni ya blauzi bure, yaani mchoro wa vipande vya kukatia nguo, anaichapisha steshenari, anakata kitenge jioni ileile. Kesho yake blauzi haipiti mabegani, au inapita lakini mkono haunyanyuki. Kitenge kimekwenda, naye anajiambia kwamba ushonaji si fungu lake. Mabinti wenye mikono mizuri wameacha cherehani kwa njia hiyo. Inanisikitisha kwa sababu nikiikagua nguo yenyewe nakuta kosa ni moja au mawili, tena lina sababu inayojulikana.

Ninachotaka kusema ni kwamba kosa la blauzi lina mahali lilipozaliwa: kwenye karatasi, kwenye vipimo, kwenye kitambaa au kwenye mshono. Ukilitafuta pasipo pake utafumua mpaka kitambaa kichoke. Nianze na karatasi, hapo wengi wanaanguka bila kujua.

Pateni nyingi za mtandaoni zimechorwa Marekani, kwa karatasi yao yenye milimita 216 kwa 279. A4 yetu ni 210 kwa 297, yaani nyembamba zaidi lakini ndefu. Kijana wa steshenari akibonyeza kuchapa bila kuangalia, kompyuta inaubana mchoro ili uenee kwenye upana wa A4, na kila kipande kinapungua kama asilimia 3 au zaidi. Blauzi ya kifua cha sentimita 100 inatoka ikiwa 97, na wewe huna habari. Ndiyo maana ukurasa wa kwanza wa pateni huwa na mraba wa kupimia, mara nyingi sentimita 10 kwa 10 au inchi 4 kwa 4. Mwambie achape ukurasa huo peke yake, kwa asilimia 100, kisha uupime kwa rula. Usiupime kwa tepu ya kitambaa iliyokwisha kuvutika. Mraba ukisoma 9.7, kurasa nyingine zisichapwe mpaka arekebishe.

La pili hapohapo kwenye karatasi ni akiba ya mshono, yaani kile kitambaa kinachobaki nje ya mstari wa kushona. Pateni za kampuni kubwa za Marekani huwa na akiba ndani yake, kwa kawaida sentimita 1.5. Jarida la Burda la Ujerumani limezoeleka kutoa michoro isiyo na akiba, unaongeza mwenyewe. Wachoraji wadogo wa mtandaoni wengine wanaweka sentimita 1. Kwa hiyo usidhani, soma maelezo. Tufanye hesabu: blauzi ya kawaida ina mishono miwili ya ubavuni, na kila mshono una kingo mbili, jumla kingo nne. Pateni isiyo na akiba ukiishona kwa kula sentimita 1.5 kila ukingo, umepoteza sentimita 6 za kifua. Hapo hata malaika hawezi kufunga vifungo.

Na kinyume chake pia kipo. Sisi mafundi tumezoea nusu inchi, ambayo ni sentimita 1.27. Pateni ikitaka 1.5 ukashona nusu inchi, blauzi ya mishono miwili ya ubavuni inazidi karibu sentimita 1 tu, haionekani. Lakini ikiwa imekatwa vipande vingi, ile yenye mishono inayoshuka kutoka kwapani mpaka chini mbele na nyuma, kingo ni nyingi, na ziada inakaribia sentimita 3. Halafu mtu anashangaa kwa nini imepwaya.

Kuhusu vipimo, sahau namba ya saizi. Saizi 12 kwenye pateni za kampuni kubwa za Marekani ni kifua cha inchi 34. Namba hiyohiyo kwenye nguo ya mtumba ni kitu kingine kabisa. Pima kifua, pima tena juu ya kifua chini kidogo ya kwapa, kiuno, nyonga, na urefu wa mgongo kutoka ule mfupa wa shingo mpaka kiunoni, kisha utafute vipimo vyako kwenye jedwali.

Nitaendelea na kitambaa na mshono. Wenye uzoefu karibuni, na wenye blauzi zilizowashinda zileteni hapa tuzitazame.

#2 BintiKasulu

Shikamoo mama fundi. Asante sana kwa uzi huu, nimeusoma nikiwa nimeishika blauzi yenyewe mkononi. Mraba wangu ulipima vizuri, akiba nilisoma, kifua kinatosha. Shida ni kwapa. Ilikuwa inabana, nikaipunguza kwa mkasi, nikarudisha mkono. Sasa nikinyanyua mkono kushika kitu cha juu, blauzi nzima inapanda mpaka tumbo linaonekana. Nikaongeza kuchimba kidogo, ikazidi. Nifanyeje?

#3 MzeeWaTepu (Tabora)

Nimeusoma uzi. Binti umeandika kwa utaratibu, nakupongeza. Lakini niruhusu niseme lililo moyoni.

Sisi tuliojifunza kazi barazani hapa Tabora hatukuwa na karatasi. Mteja anasimama mbele yako, unampima, unaandika namba kwenye daftari, unatandika kitambaa, unachora kwa chaki, unakata. Wakati unampima macho yako yanafanya kazi. Unaona bega la kulia limeshuka kwa sababu amebeba ndoo tangu utoto. Unaona mgongo umeinama kidogo. Unaona mama ananyonyesha na mwezi ujao kifua kitabadilika. Karatasi iliyochorwa ng'ambo inajua nini kuhusu huyo mama? Naogopa vijana wataamini mchoro kuliko mtu aliyesimama mbele yao.

Na huyo binti wa Kasulu asichimbe tena hiyo kwapa. Atakuja kuambiwa sababu, lakini mkasi auweke chini kwanza.

#4 FundiWaUjiji

Shikamoo mzee wangu. Nimefurahi umekuja.

Nakubaliana nawe kuhusu macho, na hilo la bega lililoshuka nimeliona kwa akina mama wengi wa mwambao huku. Pateni imechorwa kwa mwili wa wastani ambao haupo Ujiji wala Tabora. Lakini mzee, jicho lako limejengwa kwa miaka. Anayeanza leo hana jicho hilo, na hana bwana wa kumsimamia barazani kila siku. Karatasi inampa mahali pa kuanzia. Pia ina faida moja ambayo chaki haina: akimpima mama, akakuta bega moja limeshuka, anasahihisha kwenye karatasi, anaandika tarehe na jina, anaitundika. Mama huyo akirudi Idi ijayo na kitenge kingine, bega limeshasahihishwa. Chaki ya kwenye kitambaa inafutika na ujuzi unabaki kichwani kwa fundi mmoja. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi waihamishie pateni kwenye karatasi ngumu, hata ya mfuko wa simenti uliokung'utwa vizuri, wasahihishe hapo.

BintiKasulu, marahaba mwanangu. Sikiliza sasa, hili ni kosa ambalo akili inakudanganya. Kwapa ikibana, kila mtu anadhani dawa ni kuishusha. Lakini kadiri kwapa inavyoshuka ndivyo mkono unavyoungana na mwili chini zaidi, ubavuni. Ukinyanyua mkono, mkono wa nguo unauvuta ubavu, na ubavu unaivuta blauzi yote juu. Kwapa iliyo karibu na mwili ndiyo inayokupa uhuru wa kunyanyua. Angalia watu wanaocheza ngoma, nguo zao kwapani huwa zimekaa juu.

Ubanaji wa mwanzo ulikuwa na sababu nyingine. Kagua hizi kwa mpangilio huu. Kwanza, je, ulikata vijimkato kwenye akiba ya mshono sehemu ya chini ya duara? Akiba isiyokatwa kwenye mpindo inabana kama kamba hata kama nguo ni kubwa. Pili, je, mkono wa kulia umewekwa kulia? Pateni nyingi zinaweka alama moja upande wa mbele na alama mbili upande wa nyuma. Kichwa cha mkono kwa mbele kimechimbwa zaidi, kwa nyuma kimejaa. Mikono ikibadilishana, mbele inajaa kitambaa kisicho na kazi na nyuma inabana ukinyoosha mikono. Tatu, pima mzunguko wa mkono wako wa juu, penye msuli, kisha upime mkono wa blauzi hapohapo. Kwa kitambaa kisichovutika kama kitenge unahitaji ziada ya sentimita 4 hadi 5. Ikiwa ziada ni 1, tatizo liko kwenye mkono na kwapa haina kosa.

Kwa kwapa hiyo uliyokwisha kuichimba, kama una vipande vilivyobaki, unaweza kuweka kipande cha umbo la almasi chini ya kwapa. Mashati ya kazi ya zamani yalishonwa hivyo, na mkono unapata uhuru.

#5 MuuzaVitenge_Mwanga

Mimi si fundi, nauza. Lakini malalamiko yanakuja kwangu: "Kitenge chako kimeruka." "Kitenge chako kimerudi ndani." Nawaomba mafundi mnisaidie kuwafundisha wateja.

Pamba ikifuliwa mara ya kwanza inapungua, asilimia 3 hadi 5 ni jambo la kawaida. Blauzi ya urefu wa sentimita 60 inaweza kukupotezea 2 au 3. Kwa hiyo kitenge kiloweke kwenye maji baridi, ukianike kivulini, ukipige pasi, ndipo ukate. Ukikiloweka utaona maji yanakuwa mazito kidogo, ni ile gundi ya kiwandani inayokifanya kiwe kigumu dukani. Ikishatoka ndipo unajua kitambaa chako kina uzito gani hasa, na blauzi itaangukaje.

Kama hujui ni pamba au la, vuta nyuzi chache za ukingoni uziwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na inaacha majivu laini. Ya plastiki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Hicho cha pili hakipungui, lakini jua la Kigoma saa nane mchana utalisikia ndani ya blauzi.

Halafu kigeuze nyuma. Cha wax halisi, rangi imepenya pande zote mbili, huwezi kujua kwa haraka upi ni uso. Cha kuchapwa upande mmoja, nyuma kimepauka. Na upana mjue: vingi ni inchi 44 hadi 46. Pateni ikikuambia mita moja na nusu, tazama imekusudia kitambaa cha upana gani, maana ikiwa ni cha sentimita 150 wewe utahitaji zaidi.

#6 FundiWaUjiji

Asante muuzaji wetu, hapo umenisaidia nusu ya kazi. Naongeza la maua na ndege. Kitenge chenye ndege wanaotazama juu kinataka vipande vyote vielekee upande mmoja. Mtu akikata mbele hivi na nyuma kinyume ili abane kitambaa, mgongoni ndege wote wanakuwa wamepinduka. Na yale maua makubwa ya duara, yapange kabla ya kukata. Tandika karatasi juu ya kitambaa, uweke alama ya kilele cha kifua, uangalie duara linaangukia wapi. Maduara mawili yakikaa juu ya matiti mteja hataivaa kanisani wala msikitini, na ana haki.

Mstari mrefu wenye mshale kwenye pateni, wengi wanadhani ni pambo. Huo unatakiwa uwe sambamba na ukingo wa kitambaa. Pima kutoka mshale mpaka ukingoni kwenye ncha zote mbili, namba zilingane. Ukienda mshazari kidogo, blauzi ikifuliwa inajizungusha mwilini na mshono wa ubavu unakuja mbele. Hakuna pasi inayorekebisha hilo. Ndiyo maana nasema ushone blauzi ya majaribio kwanza, kabla hujagusa kitenge.

#7 NzegaPamba

Naomba kuuliza. Mnasema blauzi ya majaribio kwanza. Hela ya vitambaa viwili itoke wapi? Huku kwetu tunalima pamba lakini kitambaa tunanunua kama wengine. Kwa mwanafunzi hilo ni gumu.

#8 FundiWaUjiji

Swali la haki kabisa. Blauzi ya majaribio haihitaji kitambaa kizuri. Shuka la mtumba la pamba lililochakaa linatosha blauzi mbili au tatu. Au nunua marekani, ile nyeupe isiyosafishwa, bei yake haifiki karibu na kitenge. Muhimu ni kwamba kitambaa cha majaribio kifanane na cha mwisho kwa ugumu. Ukijaribia kwa kitambaa cha kuvutika, ukashonea kitenge, umejidanganya.

Tena huishoni yote. Mbele, nyuma, mkono mmoja. Shona kwa mshono mrefu wa milimita 4 hadi 5 ili ufumuke haraka. Hakuna kola, hakuna vifungo, mbele unabana kwa pini. Chora juu yake kwa kalamu, kata, ongeza kiraka. Ukimaliza unaifumua, unaitandika juu ya karatasi na kuhamisha masahihisho yote. Saa chache tu, na kitenge bado kiko salama kwenye mfuko.

#9 MzeeWaTepu (Tabora)

Umetaja marekani umenigusa. Vijana wajue kitambaa hicho kimepita njia hiyohiyo tunayoishi sisi. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, kule Massachusetts, walikuwa wanakileta Unguja kwa meli, na misafara ya wapagazi ikakipandisha mpaka Tabora na kuendelea hadi Ujiji. Wanyamwezi walikibeba mabegani. Kilikuwa ndiyo fedha ya njiani: chakula, ushuru wa kupita, ujira. Kilipimwa kwa mkono, mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 walikuwa wanalipa kwa kitambaa kama watu wote. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipoanza mwaka 1861 kitambaa hicho kikaadimika, na vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Jina likabaki.

Kwa hiyo mkikata marekani kwa majaribio, mnajifunzia kwenye kitambaa ambacho babu zetu walikihesabu kama mali.

#10 FundiWaUjiji

Mzee wangu, ahsante sana kwa hilo. Na nikupe jirani yake: pateni za karatasi zenye saizi mbalimbali zilianza kuuzwa na Ebenezer Butterick mwaka 1863, naye alikuwa Massachusetts hukohuko, mji wa Sterling. Kabla yake michoro mingi iliyouzwa ilikuwa ya saizi moja, kila mtu anajikuzia mwenyewe. Kitambaa na karatasi vimetoka jimbo moja, vimekutana kwenye meza zetu.

#11 MwalimuStadi (Kigoma)

Nafundisha ushonaji, naomba kuchangia la shingo, kwa sababu ndiyo inayoharibika kwa wanafunzi wangu kuliko kitu kingine chochote.

Mwanafunzi anakata shingo vizuri kabisa. Halafu anakichukua kipande, anakishika, anakijaribisha mwilini, anakitundika kwenye kiti, anashona mabega, anapumzika, anarudi. Kufikia hapo shingo imevutika. Duara la shingo limekatwa mshazari kwa sehemu kubwa, na mshazari unavutika hata kwa uzito wake wenyewe. Akija kuweka kile kipande cha ndani cha kugeuzia shingo, hakilingani, anakivuta kilingane, na blauzi ikivaliwa shingo inasimama mbali na mwili kama mdomo wa chungu.

Dawa ni mshono wa kuzuia. Mara tu ukishakata, kabla hujagusa kitu kingine, pitisha mshono mmoja wa kawaida milimita chache ndani ya akiba, kutoka bega mpaka katikati, kisha bega lingine mpaka katikati. Mshono huo unabaki humo ndani maisha yote ya nguo na hauonekani. Shingo haitavutika tena.

Ukishashona kipande cha kugeuzia, punguza akiba, kata vijimkato kwenye mpindo, halafu kabla ya kugeuza lazia akiba yote upande wa kipande cha ndani na uishone hapo, karibu kabisa na mshono wa shingo. Hii ndiyo inafanya kipande cha ndani kikae ndani na kisichungulie. Nimeona blauzi za harusi zenye shanga za gharama, na kipande cha ndani kinachungulia shingoni kwa sababu hatua hiyo ilirukwa.

Na pasi. Jamani pasi. Kila mshono upigwe pasi kabla haujavukwa na mshono mwingine. Ya mkaa ni nzuri kabisa, ila weka kitambaa chenye unyevu juu ili majivu yasidondokee kitenge.

#12 BintiKasulu

Mama fundi nimerudi. Ile ya kwanza mikono ilikuwa imebadilishana kweli, alama mbili niliziweka mbele. Nimechukua shuka la zamani nikashona ya majaribio kama ulivyosema, kwapa imekaa, nanyanyua mkono vizuri. Lakini sasa naona mikunjo inayoanzia kileleni mwa kifua kwenda kwapani na kwenda ubavuni, kama miale. Na mbele chini inanyanyuka kuliko nyuma. Kifua changu ni 100, juu ya kifua ni 90. Nilichukua saizi ya 100.

#13 FundiWaUjiji

Hongera mwanangu, na umeeleza vizuri sana, vipimo viwili hivyo vimenipa jibu lote.

Mikunjo ya nguo inaelekeza kwenye tatizo. Ikitoka sehemu fulani kama miale, sehemu hiyo inaomba kitambaa zaidi. Ikining'inia wima na kujikunja, kuna upana wa ziada. Ikilala kwa mlalo mgongoni chini ya shingo, urefu wa hapo umezidi. Ya kwako inatoka kifuani, na mbele inanyanyuka kwa sababu kifua kinaazima urefu kutoka chini.

Sasa sababu. Kampuni kubwa za Marekani zimezoea kuchora kwa mwili ambao tofauti ya kifua na juu ya kifua ni inchi 2, yaani kama sentimita 5. Wewe tofauti yako ni 10. Ukichukua saizi ya 100, mabega na shingo vinakuwa vya mtu mkubwa kuliko wewe, na bado kifua kinadai. Chukua saizi kwa kipimo cha juu: 90 ukijumlisha 5 unapata 95. Mabega yatakaa. Halafu ongeza sentimita 5 zilizobaki kifuani peke yake, na kwa kuwa pateni ya mbele ni nusu, unaongeza 2.5 kwenye karatasi.

Namna ya kuongeza: weka alama ya kilele. Chora mstari kutoka pindo la chini ukipanda wima mpaka kileleni, kisha uelekee kwapani. Chora mwingine kutoka ubavuni, katikati ya dati (kile kikunjo kinachoshonwa kuelekea kifuani ili kifua kipate umbo), mpaka kileleni. Kata mistari hiyo ukiacha karatasi ishikane kidogo tu pale kwapani na pale kileleni. Sasa fungua upande wa ubavu kwenda nje mpaka pengo la wima pale kileleni liwe sentimita 2.5. Utaona dati inajifungua yenyewe, na upande wa katikati chini unabaki mfupi. Uukate kwa mlalo na kuushusha ulingane. Bandika karatasi chini ya mapengo. Kifua kimepata upana na urefu kwa pamoja, bega halijaguswa.

Dati iishie kama sentimita 2.5 kabla ya kilele, isifike kileleni penyewe. Mwishoni usirudishe cherehani nyuma, acha nyuzi ndefu uzifunge fundo kwa mkono, vinginevyo ncha inatoa kijipembe. Ipigwe pasi ikilala kuelekea chini.

#14 MzeeWaTepu (Tabora)

Hapo sasa nimekuelewa kuhusu karatasi. Sisi hilo tulikuwa tunalifanya kwa chaki, tunaita kumpa mama nafasi, lakini sijawahi kuliona limeelezwa hatua kwa hatua namna hiyo. Nitamwonyesha mjukuu wangu anayejifunza. Ila bado atajifunza kumtazama mteja kwanza.

#15 FundiWaUjiji

Atazame, mzee wangu. Hilo silipingi hata kidogo.

#16 KatubukaMpya

Jamani nimechelewa kuuona uzi, nimeshakata. Pateni ya mbele imeandikwa ikatwe mara mbili. Kitambaa nilikitandika tabaka moja kwa sababu ya kupanga maua, nikakata mara mbili bila kuigeuza karatasi. Sasa nina mbele mbili za kushoto na hakuna ya kulia. Kitenge kimebaki kipande kidogo cha mkono tu. Ni cha wax, kaka yangu alikuja nacho kutoka Kalemie. Naomba msaada, sitaki kukipoteza.

#17 FundiWaUjiji

Pole, na usikate kitu kingine chochote. Soma tena alichoandika MuuzaVitenge pale juu. Chukua kipande kimoja ukipeleke nje kwenye mwanga, ukigeuze nyuma, ukilinganishe na kingine kilicholala upande wa uso. Kama rangi ni ileile, geuza hicho kimoja tu. Mbele ya kushoto ikigeuzwa inakuwa mbele ya kulia, na shida imekwisha.

Kabla ya kushona, bandika pini yenye uzi mwekundu kwenye upande ulioamua uwe uso, kwenye vipande vyote viwili, kwa sababu kuanzia sasa macho hayatakusaidia. Hamisha alama za dati upya kwenye kile ulichokigeuza, maana zilikuwa upande mwingine. Na angalia maua ya katikati pale vifungo vinapokutana, huenda yasioane. Ukiona yanagombana, funika mstari wa vifungo kwa utepe wa kitambaa cha rangi moja iliyomo kwenye kitenge. Tundu za vifungo zikae upande wa kulia.

#18 KatubukaMpya

Nimekipeleka nje. Rangi ni ileile pande zote. Nimeshaweka pini, naanza na mshono wa kuzuia shingoni.